Fundi Mitambo Katika Seneti ya Texas: Gwanda Lilifungua Mlango, Kazi Ilifanywa na Chama cha Wafanyakazi

Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2026, wapiga kura wa eneo la seneti namba 9 katika jimbo la Texas, eneo linalojumuisha sehemu ya jiji la Fort Worth na vitongoji vya kaskazini mwa kaunti ya Tarrant, walimchagua Taylor Rehmet wa chama cha Democratic kuwa seneta wao katika bunge la jimbo. Rehmet ni mwanajeshi wa zamani wa Jeshi la Anga la Marekani, fundi mitambo kwa kazi, na kiongozi katika chama cha wafanyakazi cha mafundi wenzake. Katika duru ya pili alipata takriban asilimia 57 ya kura, akamwacha mbali Leigh Wambsganss wa chama cha Republican, na hilo lilitokea mahali ambapo Donald Trump alikuwa ameshinda kwa tofauti ya asilimia 17 hivi mwaka 2024. Naibu Gavana wa Texas, Dan Patrick, aliwaambia Warepublican wenzake kwamba matokeo hayo yanapaswa kuwaamsha. Trump, ambaye alikuwa amemuunga mkono Wambsganss na kuwahimiza watu wampigie kura, baadaye alisema ule ulikuwa uchaguzi wa huko Texas usiomhusu.

Wachambuzi wengi waliishia kwenye hesabu hiyo ya kura na maana yake kwa uchaguzi mkuu wa Novemba. Mimi naona kuna jambo zito zaidi chini yake. Katika mabango na matangazo ya kampeni, sifa mbili za mgombea huyu, yaani mwanajeshi wa zamani na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ziliwekwa sambamba kana kwamba zina kazi moja. Hazina kazi moja. Sifa ya kwanza ilimpatia usikivu wa watu ambao wasingempa hata dakika mbili, lakini ya pili ndiyo iliyompa ufundi wa kuwashawishi. Tena watu wenye sifa kama zake ni adimu katika mabunge ya majimbo ya Marekani si kwa sababu wapiga kura huwakataa, bali kwa sababu mabunge hayo yamepangwa kwa namna ambayo mtu anayeishi kwa mshahara wa zamu hawezi kuyamudu.

Fort Worth ni mji wa ndege za kivita. Kiwanda chake kikubwa, chenye urefu unaozidi maili moja, kiliunda ndege za mabomu za B-24 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kikaja kuunda F-16 kwa miaka mingi, na leo ndimo kampuni ya Lockheed Martin inamounganishia F-35. Kando yake kuna kambi iliyojulikana zamani kwa jina la Carswell, ambayo sasa ni ya vikosi vya akiba. Kijana aliyejifunza kutengeneza ndege jeshini halazimiki kubadili ufundi anaporudi uraiani katika mji kama huo. Anabadilisha sare tu. Kwa hiyo mgombea aliyepita njia hiyo hakuwa kitu kigeni machoni pa majirani zake, na silaha ambayo Warepublican wa Texas wamezoea kuitumia dhidi ya Wademokrati, ile ya kudai kwamba hawaipendi nchi yao, haikuwa na pa kuchoma. Shirika la VoteVets, linalowasaidia wagombea waliowahi kuwa wanajeshi, lilisema lilitumia dola 500,000 kwa matangazo ya kumuunga mkono.

Uzito wa gwanda katika siasa za Marekani umeongezeka kwa kadiri wanaolivaa walivyopungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban watatu kati ya kila wajumbe wanne wa Bunge la Congress walikuwa wamepitia jeshini. Uandikishaji wa lazima ulikoma mwaka 1973, vizazi vilivyopigana vikaondoka kwenye siasa, na leo hawafiki mmoja kati ya watano. Hata hivyo gwanda lina mipaka yake, na ushahidi upo. Huko Wisconsin alikuwepo Randy Bryce, mwanajeshi wa zamani na fundi wa vyuma, mwanachama hai wa chama chake cha wafanyakazi, mwenye masharubu mazito yaliyompatia umaarufu nchi nzima. Mwaka 2014 aligombea useneta wa jimbo akashindwa, na mwaka 2018 akagombea Congress, safari hii akiwa na fedha nyingi na kamera zikimfuata kila aendako, akashindwa tena. Kama wasifu peke yake ungekuwa unashinda uchaguzi, Bryce angekuwa mbunge. Wanaowatafuta wagombea kwa kuangalia picha zao wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Tofauti ni nini basi? Sehemu ya jibu ni wakati na mahali, nami nitalirudia hapo chini. Ila sehemu nyingine imo katika kazi ya chama chenyewe, hasa chama kinachoendeshwa katika jimbo lisilokipenda. Tangu mwaka 1947 sheria ya Texas inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama cha wafanyakazi au kukilipa ada kama sharti la kuajiriwa. Wakati huohuo sheria ya shirikisho inakitaka chama kimtetee kila mfanyakazi aliye chini ya mkataba, awe amelipa au hajalipa. Asilimia ya wafanyakazi wa Texas walio katika vyama haifiki 5. Kwa kiongozi wa chama katika karakana ya Fort Worth, maana yake ni kwamba kila ada inayoingia imetoka kwa mtu aliyeshawishiwa uso kwa uso, akakubali kwa hiari yake kukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya huduma ambayo angeipata bure. Wengi wa watu hao ni wapiga kura wa Republican. Mtu aliyedumu katika uongozi wa namna hiyo amekuwa akifanya kampeni kila siku ya kazi, mbele ya watu wasiokubaliana naye kuhusu Trump, bunduki au utoaji mimba, lakini wanaokubaliana naye kuhusu saa za ziada na pensheni. Nadhani hakuna shule ya siasa iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kugombea kwa tiketi ya Democratic katika eneo la Warepublican.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona kazi hiyo kwa karibu, kesi moja iliyotokea Texas yenyewe inaionyesha vizuri. Mhudumu wa mkahawa uliokuwa ndani ya duka la vyakula la kampuni ya Weingarten mjini Houston aliitwa akahojiwa na wakubwa wake, akituhumiwa kwamba alichukua boksi la kuku la dola 2.98 na kulipia dola moja tu. Aliomba aitiwe mwakilishi wa chama, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Baadaye ikabainika kwamba alikuwa amenunua vipande vinne vya kuku kwa dola moja, akavitia kwenye boksi kubwa kwa sababu maboksi madogo yalikuwa yamekwisha. Shauri hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1975 iliamua kwamba mfanyakazi aliye katika chama, akiwa na sababu ya kuamini kuwa mahojiano na mwajiri yanaweza kumletea adhabu, ana haki ya kudai mwakilishi wake awepo. Tangu hapo kazi ya mwakilishi huyo ni kusoma kifungu cha mkataba neno kwa neno, kudai kumbukumbu ambazo mwajiri angependa zisionekane, kuhakikisha siku za kuwasilisha malalamiko hazipiti, na kumtetea hata mfanyakazi ambaye yeye binafsi hawaelewani. Kazi hiyo inafanana mno na ya mjumbe wa bunge la jimbo anayemhudumia mwananchi wake, kuliko hotuba za jukwaani zinavyofanana nayo.

Ndivyo pia kampeni ya Rehmet ilivyosikika. Alizungumzia gharama za maisha, ajira na shule za umma. Mpinzani wake alikuwa afisa wa Patriot Mobile, kampuni ya simu inayojitangaza kuwa ya Wakristo wahafidhina, ambayo kamati yake ya kisiasa ilisaidia wagombea wake kutwaa viti katika bodi za shule za vitongoji vya kaunti hiyo mwaka 2022. Ushindi ule wa bodi za shule ulionekana wakati huo kuwa msingi wa nguvu kubwa. Lakini mapema mwaka 2025, katika wilaya ya shule ya Keller, wajumbe wa bodi walitaka kuigawa wilaya hiyo vipande viwili, wazazi wakaja juu, mpango ukaachwa. Na mwezi Mei mwaka huohuo Gavana Greg Abbott akatia saini sheria ya vocha za elimu inayotenga dola bilioni moja kwa wanaotaka kusoma nje ya shule za umma. Mgombea anayetoka kwenye chama cha wafanyakazi anajua kwamba mezani huanzi na lile unalolipenda wewe, unaanza na lile ambalo hakuna mwanachama atakayelikana. Shule za umma ndizo zilizokuwa jambo hilo.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba Texas imegeuka. Huu ulikuwa uchaguzi mdogo, uliofanyika baada ya Kelly Hancock kujiuzulu useneta ili ashike nafasi ya juu katika hazina ya jimbo. Katika duru ya kwanza ya Novemba 2025, Rehmet aliongoza kwa takriban asilimia 47 dhidi ya Warepublican wawili waliogawana kura zilizobaki, na uhasama wa kambi hizo mbili haukuisha siku moja. Duru ya pili ilipigiwa kura na watu wasiofika laki moja, katika eneo lenye wakazi wapatao 940,000, maana Texas ina maseneta wa jimbo 31 tu, na kila mmoja anawakilisha watu wengi kuliko mjumbe wa Baraza la Wawakilishi huko Washington. Waliojitokeza Januari ni wale wenye hasira au wenye nidhamu ya kupiga kura, na mwaka ambao Rais ni Mrepublican wenye hasira huwa wako upande wa pili. Hilo ni kweli. Lakini pengo la kutoka kushindwa kwa 17 hadi kushinda kwa 14 halielezwi na mahudhurio peke yake. Wako watu waliompigia Trump mwaka 2024 kisha wakampigia fundi huyu. Huko Nebraska, Dan Osborn, mwanajeshi wa zamani wa majini na fundi aliyekuwa kiongozi wa mgomo wa kiwanda cha Kellogg's cha Omaha mwaka 2021, aligombea useneta wa shirikisho mwaka 2024 akiwa hana chama cha siasa. Alishindwa kwa tofauti isiyofika asilimia 7, siku ileile ambayo Trump alilishinda jimbo hilo kwa takriban 20, tena katika uchaguzi mkuu ambao watu wengi walijitokeza.

Kwa nini vyama vya wafanyakazi vijali bunge la jimbo wakati macho ya dunia yako Washington? Kwa sababu sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliyaachia majimbo uamuzi kuhusu ada za vyama, na tangu hapo uhai wa vyama hivyo umekuwa ukiamuliwa katika miji mikuu ya majimbo. Wisconsin iliwanyang'anya watumishi wengi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri mwaka 2011. Michigan ilipitisha sheria kama ya Texas mwaka 2012, ikaifuta mwaka 2023 baada ya Wademokrati kushika mabaraza yote mawili kwa wingi wa viti viwili katika kila baraza. Viti viwili tu! Na Texas yenyewe inawaachia waajiri binafsi waamue kama watakata bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini au la. Majiji ya Austin na Dallas yalikuwa yamewawekea mafundi ujenzi mapumziko ya dakika 10 kila baada ya saa nne, waweze kunywa maji na kukaa kivulini. Mwaka 2023, muda mfupi kabla ya kiangazi cha joto kali, bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzuia kanuni za majiji za aina hiyo. Sijui ni wangapi katika ukumbi ule waliwahi kufunga nondo juani mwezi Agosti.

Idadi yao kwa ujumla inajulikana. Watafiti Nicholas Carnes na Eric Hansen walipochunguza wajumbe wote wa mabunge ya majimbo, ambao ni karibu 7,400, walikuta 116 tu ambao kazi yao ya sasa au ya mwisho ilikuwa ya mikono, ya huduma au ya ukarani, au ya utumishi katika vyama vya wafanyakazi. Hiyo ni asilimia 1.6, katika nchi ambayo takriban nusu ya nguvu kazi iko katika kazi kama hizo. Maelezo ya haraka ni kwamba wapiga kura wanapenda wasomi na matajiri. Ushahidi hauungi mkono maelezo hayo: wafanyakazi wanapogombea hushinda kwa kiwango kisichotofautiana sana na wengine. Tatizo ni kwamba hawachukui fomu.

Na kwa nini wachukue? Seneta wa jimbo la Texas analipwa dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya katiba ya jimbo mwaka 1975 na kisichobadilika hadi leo, pamoja na posho ya siku za kikao. Msomaji wa Nairobi, ambaye anajua kwamba mbunge wake hupokea zaidi ya shilingi laki saba kwa mwezi kabla ya marupurupu, anaweza kudhani nimekosea tarakimu. Bunge la Texas hukutana siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Mei, katika jiji la Austin, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Fort Worth. Waliotunga utaratibu huo walisema wanataka bunge la raia wa kawaida, ambao wakimaliza kutunga sheria watarudi mashambani na madukani mwao. Kilichopatikana ni bunge la watu wenye mali inayojiendesha yenyewe wakiwa hawapo: wamiliki wa biashara, wenye ardhi, mawakili.

Mawakili hasa. Sheria ya Texas inamruhusu wakili ambaye ni mjumbe wa bunge kuiomba mahakama iahirishe kesi anayoisimamia hadi kikao cha bunge kimalizike, na kwa kawaida mahakama haina budi kukubali. Bunge limewalinda wanachama wake wenye ofisi za sheria wasipoteze wateja kwa sababu ya utumishi wa umma. Halijaandika sheria inayofanana na hiyo kwa ajili ya fundi wa zamu ya usiku. Yeye atamweleza msimamizi wake kwamba ataondoka miezi mitano, na msimamizi ataamua. Naiona sheria hiyo moja kuwa inaeleza asilimia 1.6 ile vizuri kuliko nadharia nyingi za tabia ya mpiga kura.

Ipo mifano ya kulipunguza tatizo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la New Jersey limekuwa likiwafundisha wanachama wake kugombea tangu mwaka 1997, kuanzia halmashauri na bodi za shule hadi bunge la jimbo, na wahitimu wake wameshinda chaguzi zaidi ya 1,000. Lakini New Jersey hiyohiyo inatoa onyo. Stephen Sweeney, mtu wa chama cha mafundi wa vyuma, alipanda hadi kuwa Rais wa Seneti ya jimbo, mtu wa pili kwa nguvu baada ya gavana, na njiani akagombana vikali na chama cha walimu kuhusu pensheni na marupurupu. Mwaka 2021 aliangushwa na Edward Durr, dereva wa lori wa chama cha Republican ambaye karibu hakuna aliyemjua na ambaye kampeni yake ilitumia fedha kidogo mno. Wapiga kura wa kusini mwa New Jersey walikuwa na mfanyakazi mmoja aliyekaa kwenye kiti kirefu kwa miaka kumi na zaidi, na mwingine aliyekuwa bado anaendesha lori, wakamchagua wa pili. Wafadhili wa Rehmet wangepaswa kuisoma kesi hiyo kwa makini kuliko wanavyosoma asilimia za Tarrant, kwa kuwa kadi ya chama cha wafanyakazi ina nguvu pale tu mwenye nayo anapoonekana bado kuwa mmoja wa wanaoilipia.

Kwa sasa nguvu aliyonayo Rehmet ni ndogo. Ni mmoja kati ya Wademokrati 12 katika seneti ya watu 31, na kwa kanuni iliyorekebishwa mwaka 2021 Warepublican wanahitaji maseneta 18 tu ili kuleta muswada ukumbini, idadi ambayo wanayo. Zaidi ya hayo, kipindi alichochaguliwa kukimalizia kinakwisha mapema Januari 2027, wakati ambapo bunge ndipo litakapokuwa linakutana kwa kikao chake cha kawaida. Asipokishinda kiti hicho tena Novemba 2026, na gavana asipoitisha kikao maalumu, atakuwa seneta ambaye hakuwahi kupigia kura muswada hata mmoja.

Akishinda, atakutana na zile siku 140. Sioni bunge la Texas likijiongezea mshahara, kwa kuwa hilo linahitaji idhini ya wapiga kura, na hakuna mwanasiasa anayetaka kuwaomba kitu kama hicho wakati bei ya mayai iko midomoni mwa watu. Lakini vyama vya wafanyakazi haviwezi kusingizia katiba. Baadhi ya mikataba katika viwanda vya magari vya Marekani tayari ina kifungu kinachompa likizo bila malipo mwanachama aliyechaguliwa kushika wadhifa wa umma, bila kupoteza miaka yake ya utumishi. Vyama vya Texas vikiingia katika majadiliano yajayo na waajiri, kifungu hicho kinafaa kuwekwa mezani pamoja na mishahara na pensheni, kisipangwe mwisho wa orodha pale ambapo mambo huachwa saa nane za usiku ili watu wakatie saini.